Breki za Sista na Jumatano ya Majivu

Mzee Fulgensi wa Katindiuka alitunza sakristia kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo wote hakupata kukosea rangi ya mavazi ya padri wala idadi ya mishumaa. Alipostaafu alikabidhi funguo. Kalenda ya Kanisa hakuikabidhi. Aliihamishia kwenye gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, lenye umri wa miaka thelathini. Paa lake lilikuwa la kijivu, kwa sababu rangi nyeupe ilimwishia fundi kabla hajafika juu, na kwa hiyo majirani, walioona humo mtawa na shela yake, walilipa jina la Sista. Mzee hakulikataa jina hilo, ila aliwataka wanaolitamka wasiliegemee gari.

Kila kazi ya matengenezo ilikuwa na sikukuu yake, na kila sikukuu ilichaguliwa kwa sababu. Maji ya rejeta yalibadilishwa siku ya Ubatizo wa Bwana. Vichwa vya betri vilisafishwa tarehe mbili Februari, siku ya kubariki mishumaa, kwa kuwa mambo ya mwanga yanakwenda pamoja. Oili ilibadilishwa katika juma la Alhamisi Kuu, askofu anapobariki mafuta matakatifu, na mara ya pili siku ya Watakatifu Wote, maana injini kuukuu haiwezi kukaa mwaka mzima na oili moja. Plagi zilingoja Pentekoste, sikukuu ya ndimi za moto. Breki zilifunguliwa Jumatano ya Majivu, waumini wanapopakwa msalaba wa majivu kwenye paji la uso na Kwaresima inapoanza, kwa hoja kwamba Kwaresima ni majira ya kujizuia, na katika gari zima hakuna kifaa kinachojua kujizuia kuliko breki.

Teofili, fundi mwenye gereji kando ya barabara, alitundika kalenda ya parokia ukutani mwake, si kwa uchaji bali apate kujua siku ambayo mzee atakuja. Na haki isemwe: Sista hakuwahi kulala njiani.

Taabu ilianza mwaka ambao Pasaka ilichelewa. Kwaresima iliyotangulia ilianza tarehe kumi na nne Februari. Ya mwaka huo ilipangwa kuanza tarehe tano Machi. Kati ya Majivu na Majivu zilikuwapo siku mia tatu themanini na tano, na pedi za breki hazikutengenezwa kwa kuzingatia jambo hilo. Kufikia katikati ya Januari zilianza kulia. Kila mzee alipokanyaga breki, mbwa wa Katindiuka waliitikia. Mwalimu wa kwaya alisema kwamba Sista ana sauti ya kwanza nzuri sana, ila anachelewa kumaliza wimbo.

Huenda mbwa wangezoea, lakini palikuwapo ahadi. Mjukuu wake Jenifer, mtoto wa binti yake Scolastica, alipelekwa na gari hilo kupokea Komunyo ya Kwanza, na siku hiyo babu yake aliahidi mbele ya ukoo kwamba Sista huyohuyo ndiye atakayempeleka kufunga ndoa. Sasa arusi ilikuwa imepangwa kufanyika Mang'ula, kwao bwana arusi, Jumamosi ya tarehe moja Machi. Haikuweza kusogezwa mbele, kwa sababu parokia haifungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Breki nazo hazikuweza kusogezwa nyuma, kwa sababu mzee hafungui breki kabla ya Kwaresima. Bibi arusi alikuwa amebanwa katikati.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mzee alimchukua Jenifer kwenda kuchagua vitambaa mjini Ifakara. Alianza kukanyaga breki mbele ya duka la dawa. Sista alilia, akapita duka la vitambaa, akapita duka la mbolea, akasimama penye mashine ya kukoboa mpunga. Jenifer alishuka akarudi kwa miguu hatua arobaini na mbili, alizihesabu. Aliporudi na vitambaa vyake aliinama dirishani.

"Babu," alisema, "mimi nakupenda. Lakini siku ile nataka kufika kanisani, si kulipita."

Alimpa muda mpaka Alhamisi ya juma la arusi. Kama Sista atakuwa bado analia, atapanda gari la Amedeus. Huyu Amedeus alikuwa mdogo wake Balbina, mke wa mzee; alinunua na kuuza mpunga Malinyi, na alikuwa na gari jipya, refu, jeusi, ambalo mzee alilisifu mara moja tu, kwa kusema kwamba lina nafasi ya kutosha jeneza. Amedeus alipopata habari alipiga simu akamwambia shemeji yake asisikitike, maana Sista atapewa heshima ya kubeba masufuria.

Mzee alikwenda kwa paroko kuomba ruhusa maalumu. Paroko alimsikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa kwa muda, mabega yakimtikisika, kisha akamjibu kwamba Kanisa halina sheria yoyote juu ya breki. Mzee alirudi nyumbani amefadhaika kuliko alivyokwenda. Alimweleza Balbina kwamba mahali pasipo na sheria hapana wa kuruhusu, na asipokuwapo wa kuruhusu, mtu mwaminifu anafungwa mara mbili. Balbina alimwambia ale, ugali unapoa.

Alhamisi asubuhi aliendesha Sista mpaka gereji, Balbina akiwa amekaa kando yake na rozari mkononi. Mzee alieleza kwamba hawakuja kutengeneza, wamekuja kutazama.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema Teofili. "Kwa macho yangu haya sioni ndani ya tairi."

Basi tairi likafunguliwa, kwa makubaliano kwamba tairi si breki. Gari lilikuwa juu ya jeki. Vumbi jeusi, laini, lilitoka kwenye breki, likamwagika juu ya vidole vya fundi. Teofili alichomoa pedi akamkabidhi mzee. Ilikuwa nyembamba kama hostia ya Komunyo.

Mzee aliipima kwa kidole gumba, upande huu na upande ule. Jasho lilikuwa linamtoka, maana mwisho wa Februari bondeni hauna huruma. Alipitisha kidole gumba kwenye paji la uso, kutoka juu kwenda chini, pakabaki mstari mweusi. Akahisi amejichafua, akapangusa kwa kidole kilekile, kutoka kushoto kwenda kulia.

Teofili aliacha spana. Balbina aliacha rozari.

"Baba Scolastica," alisema Balbina, "umekwisha pakwa majivu."

Mzee alikwenda kwenye kioo cha pembeni akainama. Msalaba ulikuwa umenyooka kuliko alivyowahi kuuona katika miaka yake yote ya sakristia. Alijitazama kwa muda mrefu, akageuza uso kulia na kushoto, kisha akasimama wima.

"Teofili," alisema, "funga pedi mpya. Kwaresima imeanza."

Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano, Sista aliingia uwanja wa kanisa la Mang'ula akiwa na riboni kwenye boneti, bila sauti yoyote. Mlango wa nyuma ulikoma sawasawa mbele ya ngazi, kiasi kwamba Jenifer aliutoa mguu wake ukakanyaga zulia. Alimbusu babu yake kwenye paji la uso. Nyuma yao lilifuata gari refu jeusi la Amedeus, masufuria yakilia ndani yake kila lilipokanyaga shimo.

Kwenye karamu palikuwapo wali, mbuzi, kuku na bia. Mzee Fulgensi, ambaye tangu ujana hakupata kugusa nyama wala bia katika Kwaresima, alikaa meza ya wazee na sahani ya wali na maharage. Amedeus alikuja na paja la mbuzi, akaketi karibu kuliko ilivyohitajika.

"Shemeji, Kwaresima ni Jumatano."

"Yako," alijibu mzee.

Aliendelea kula kwa utulivu. Baada ya vijiko kadhaa uso wake ulianza kuchangamka. Alimwinamia Balbina akamnong'oneza kwamba amepiga hesabu: kwa kuwa ametangulia kuanza siku sita, basi ni haki atangulie pia kumaliza, na Jumatatu ya juma kuu angeomba apikiwe kuku.

Balbina hakuinua macho kutoka kwenye mfupa wake.

"Aliyetangulia ni Sista," alisema. "Wewe utamaliza na wenzako."

Mzee aliifikiria hoja hiyo, hakuona pa kuivunja, akaomba aongezewe maharage.