Alama ya Tatu

Nilipoanza kujifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Kindu, maneno yake mawili, null na undefined, yalinitoa jasho. Dada wa ofisi ya jirani, aliyekuwa akinifundisha, alisema null ni utupu uliouweka mwenyewe kwa makusudi, na undefined ni pale ambapo hakuna aliyeweka kitu. Tupu ni tupu, nilimjibu, usinichoshe. Akaongeza kwamba ukizilinganisha kwa alama mbili za usawa, lugha inasema ni sawa. Ukiweka tatu, inakataa. Nilicheka kwa hasira. Lugha gani hiyo isiyojua inachosema?

Basi nikajiandikia programu ya kupanga majina ya ukoo wetu, kila mtu na mwaka wa kifo chake, walio hai kwenye orodha moja, marehemu kwenye nyingine. Walio hai niliwawekea null. Kwa kaka yangu sikuandika kitu. Wakati wa vita, treni ilipokoma kufika na chumvi ikaadimika mjini, alisukuma baiskeli kuelekea Pangi akatafute chakula. Hatujamwona tena, wala hiyo baiskeli.

Mama alisogea kusoma. Ghafla akanishika mkono.

"Nani alikuambia kama mukubwa wako iko muzima?"

Jina la kaka lilikuwa kwenye orodha ya walio hai. Nilikuwa nimetumia alama mbili, na programu ikaona utupu wake ni sawa na null ya walio hai.

"Ni makosa yangu, mama. Hakuna habari."

Aliketi polepole. Niliona haya. Haraka haraka nikaongeza alama ya tatu. Kaka akatoka kwa walio hai, akaangukia kwa marehemu, chini ya baba, na mahali pa mwaka pakaandikwa undefined.

"Na maiti yake, nani aliiona?" mama akauliza.

Nikaanza kumweleza mambo ya utupu uliowekwa na usiowekwa. Nilijikanganya, nikarudi nyuma, nikachanganya na Kifaransa.

"Kama hakuna muntu aliweka," akasema, "wewe unaweka sababu ya nini?"

Ningeweza kutengeneza orodha nyingine, lakini ningeiitaje? Nilikaa nikiitazama skrini, sijui nani kati yetu amekosea, mimi au lugha yenyewe. Kisha nikafuta alama moja. Programu yangu ina kosa, ninalijua, na sitalirekebisha mama akiwa hai.