Jina la Dume la Kina Mwandu

Ukitaka kugombana na Pudensiana, acha barua pepe yako wazi kwenye kompyuta ya steshenari yake pale Mpanda. Mimi Zaitun nauza vitenge mlango wa pili, nimeona mengi. Bwana mmoja mtafiti wa nyuki aliacha yake wazi akaenda kunywa chai. Kurudi, akakuta amejiandikia barua mwenyewe: "Mimi mzembe, nawanunulia soda wote waliomo humu." Na alinunua! Mimi nilichukua ya tangawizi.

Usimwone anacheka ukadhani anacheza. Kuna dada wa chuo alikuwa anachapisha utafiti wake hapo, wezi wa mtandaoni wakaingia kwenye akaunti yake, kazi ya miaka miwili ikayeyuka. Alilia jamani, mpaka nikafunga duka. Pude akapanda treni hadi Tabora kwa nauli yake, akahudhuria mafunzo ya siku mbili ya kujilinda mtandaoni, akarudi mkali kuliko pilipili.

Basi, mwezi wa tisa akaja Mwandu, Msukuma wa upande wa Inyonga, anatafiti jinsi wafugaji wanavyohama na ukame. Ndani ya laptopu yake kulikuwa na kaya arobaini na moja: nani ana ng'ombe wangapi, wanalala wapi, nani analinda. Watu walimwambia kwa sababu aliapa kuwatunzia siri. Wezi wa mifugo wangeipata orodha ile wangechinja mbuzi kwa furaha.

"Neno lako la siri ni gumu?" Pude akauliza.

"Mama, tulia. Hata mke wangu halijui."

"Nikilipata leo, utafuata nitakachokwambia. Nikishindwa, nakuchapia bure mpaka uzeeke. Ila nikipiga simu, ukae kimya."

Mwandu akacheka, akakubali, akatuita tuwe mashahidi. Maskini, hakujua anacheza na nani.

Pude akachukua simu, akampigia Kabula, mama mzazi wa Mwandu, ambaye akija mjini hutolea kopi zake hapo hapo. Akaweka sauti ya juu wote tusikie.

"Mwangaluka, mayu!" akamwamkia mama kwa Kisukuma. "Nasikia mna dume huko anasifiwa mpaka huku mjini."

Weee! Mguse Msukuma kwenye ng'ombe wake uone. Mama alimwaga yote: anaitwa Radi, ana baka jeupe usoni, alizaliwa elfu mbili na kumi na tisa, mwaka ule ule Mwandu alioingia chuo, na kijana akija likizo anamsalimia Radi kabla ya mkewe.

Tukaangua kicheko. Mwandu alikuwa anakodoa macho tu. Pude akaandika jina na mwaka, akabonyeza, laptopu ikafunguka.

Orodha ilikuwa wazi, kama alivyoiacha. Pude hakuitazama, akamgeuzia skrini. "Soma wewe. Mimi sina ruhusa."

Mwandu akainama. Nilikuwa nyuma yake na macho yangu hayana adabu, nikauona mstari wa kwanza: Kabula, ng'ombe sitini na wawili, zizi la ng'ambo ya mto, analinda peke yake.

Kwenye simu, mama bado alikuwa anaendelea, kwa furaha tele: "Njoo umwone, mayu! Njoo siku yoyote. Mimi nipo tu, sina hata mbwa."

Mwandu akavuta kiti. "Nifundishe," akasema.