Neno Nililomnyima Mama Lan

Nakumbuka siku moja Mama Lan alifunga duka lake la fulana, pale Barabara ya Zhanqian, mchana kweupe wateja wakiwa bado wamejaa. Mwanangu, wakati huo nilikuwa kijana, nimekuja Guangzhou kununua nguo za kupeleka Mwanza. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikawalea wadogo zangu wanne, na nadhani hapo ndipo nilipojifunza ugumu.

Mama Lan, mjane wa Kivietinamu, alikuwa anatimiza miaka sabini. Kwao mzee akifika hapo, watoto husimama mbele yake, mkubwa akianza, wakamtakia aishi kama Banh To. Huyo ni mzee wa hadithi za Watao, wafuasi wa dini ya kale ya Kichina. Husemwa aliishi miaka mia nane, na kwa Kivietinamu jina lake ndilo kipimo cha umri mrefu. Mama Lan hakuwa na mtoto. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya marobota, akaniambia kwa Kichina chetu cha sokoni:

"Wewe ni mkubwa kwenu. Anza."

Nikakataa. "Mama, huo ni uongo. Siku zetu anazipanga Mungu."

Mdogo wangu Elia, niliyesafiri naye, akanivuta mkono, akasema kwa Kiswahili, "Dada, acha ukaidi! Na Methusela wetu je? Naye tumpunguzie miaka?"

Sikucheka. Mama Lan akajishika magoti, akaniambia:

"Unadhani sijui kuhesabu? Mia nane za nini, na magoti haya? Nilitaka kusikia tu kwamba kuna mtu anayetaka nibaki."

Elia ndiye aliyemtakia miaka ya Banh To. Akapakuliwa tambi za kwanza za sherehe. Mimi nikatoka, nikisingizia mzigo wangu uko bandarini Nansha unasubiri meli. Haukuwepo.

Safari iliyofuata nilimkuta mtu mwingine dukani. Mama Lan alikuwa amerudi kwao, akafia huko. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi. Nikabaki nimesimama, naulizwa nataka saizi gani.

Mwanangu, mtu akikuomba neno jema, usilipime kama hakimu. Sikiliza anaomba nini. Mwambie mzee wako unamtaka abaki, na umwambie akiwa mbele yako, anakusikia.

Mungu akujalie wazee wa kuwaambia hivyo, na akufungue kinywa mapema kuliko alivyonifungua mimi.