Mkia wa Kondoo wa Akika

Mwajuma wa Buhinyuza alikuwa na mume mmoja na fisi mmoja, na kati ya hao wawili hakujua ni yupi aliyemchosha zaidi.

Mume ni Chabani, mchinjaji. Fisi hakuwa na jina, ila Chabani alimwita "mfagiaji wangu", na kila Mwajuma akilisikia neno hilo, chochote alichoshika mkononi alikiweka chini kwanza, asije akakirusha.

Alizaliwa Muyinga mjini, mtaa wa Waswahili, kwa baba mshona kofia. Huko fisi alikuwa sauti tu, sauti ya ng'ambo ya kilima, ya kutishia watoto wasiotaka kulala. Alipoolewa ndipo akahamia huku mlimani, nyumba ya mwisho kabisa, kwa sababu mchinjaji hapewi kiwanja katikati ya watu. Ana damu, ana nzi, ana harufu. Nyuma ya jiko palikuwa na korongo, na korongo likateremka na pori lake mpaka mto Ruvubu. Watu wa mlima ule wengi hawakuwa Waislamu, lakini nyama ya Chabani walikula wote, kwa kuwa kisu chake kilitaja jina la Mungu na hakuna mgeni, Mwislamu au asiye, aliyekisusa. Kwa hiyo alichinja kila siku ya soko, na kila siku ya soko alibaki na matumbo, kwato na mavi ya tumboni. Vyote alivisukuma korongoni kwa mguu.

Siku ya uhuru ndiyo iliyoharibu kila kitu. Ng'ombe walichinjwa mpaka mkono wa Chabani ukafa ganzi. Mbele ya nyumba watu wakipiga ngoma na kupandisha bendera, nyuma ya nyumba fisi akapanda kutoka mtoni, akala mpaka akashindwa kuteremka. Hakuondoka tena. Mwajuma aliwaambia majirani, "Nyinyi uhuru mmepewa na Wabeleji. Yule wetu kapewa na baba Hidaya."

Chui aliwahi kupita mlima ule. Lakini chui ana haya. Akiiba anakwenda zake. Fisi akizoea mahali anakuwa kama mkwe aliyekuja kusalimia akanogewa.

"Baba Hidaya, chimba shimo," Mwajuma alimwambia mumewe.

"Shimo la nini? Asipokula yeye atakula nani? Nzi?"

"Chimba shimo, ufukie."

Mvua ikinyesha, Chabani alisema shimo litajaa maji. Kiangazi kikiingia, alisema udongo umekuwa jiwe. Ramadhani alisema amefunga, na baada ya Ramadhani alisema amechoka kwa kufunga. Miaka ikaenda hivyo. Siku zisizokuwa za soko fisi hakukuta kitu korongoni, akapanda juu kutafuta kwa majirani. Akachukua mbuzi huyu, akachukua yule. Kwa Bisimwa, Mkongomani wa Kivu aliyekimbia fujo za kwao na sasa akiuza vitenge sokoni, alichukua mbuzi jike pamoja na mtoto wake.

Bisimwa alipanda mpaka kwa Mwajuma, akasimama uani, hakutaka hata kiti.

"Mama Hidaya, mi sina maneno na we. Lakini hii fisi iko ya mzee wako. Bon, aifunge kamba, aifuge hapa kwake, aipatie na majani."

Ni vigumu kumtetea mume kwa jambo ambalo wewe mwenyewe umelipigia kelele tangu bendera ilipopanda.

Hidaya alikuwa mtoto wao pekee, ameolewa Gitega. Alikaa kwa mume miaka mingi bila kushika mimba, na mama mkwe wake, Kadidja, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, alikuwa ameanza kuwataja mbele yake wasichana wengine wa mtaani. Kisha Mungu akajibu, akazaliwa mtoto wa kike. Mwajuma akatuma salamu Gitega: akika ya mjukuu wangu itafanyika hapa kwangu, kondoo ninaye. Jibu la Kadidja likarudi na dereva wa lori: "Tutakuja. Lakini nasikia huko kwenu mnaishi na wanyama. Nikiona jambo silielewi, nageuza na mjukuu wangu na mkwe wangu, akika tunaifanyia Gitega, na huko hatuji tena."

Mwajuma alilimeza neno hilo. Alimjua mwenzake: akisema haji, haji. Na Hidaya hakuwa mtu wa kusafiri bila ruhusa ya mama mkwe. Mjukuu angekua bila kuijua nyumba ya bibi yake, hivi hivi, kwa sababu ya matumbo ya ng'ombe.

Kondoo mwenyewe alikuwa dume jeupe, amelelewa kwa mkono tangu mama yake alipokufa, mkia wake mnene unatikisika nyuma kama mto wa kulalia. Wageni walipofika Muyinga na kulala kwa ndugu, Mwajuma alimwingiza kondoo jikoni, akamfunga kamba fupi, akaufunga mlango kwa kigogo. Kuta za jiko zilikuwa za matete, zimekandikwa udongo, na upande wa korongoni udongo ulikuwa umebanduka, ukaacha tundu. Mwajuma aliliona tundu lile. Akasema fisi hawezi kupita hapo. Kweli, fisi asingeweza kupita. Lakini mkia ulipita kutoka ndani kwenda nje.

Na nje, juu ya ukuta uleule, Chabani alikuwa ametundika kapu la utumbo wa jana, kwamba atalitupa akitoka kuswali alfajiri.

Alfajiri, Chabani akiwa ameshakwenda kuswali, Mwajuma alisikia kondoo akilia mara moja tu. Alipofika na mwenge wa majani, kapu lilikuwa chini limepasuka, kondoo amesimama anatetemeka, na pale penye mkia pana donda. Fisi hata hakuwa amekimbia. Alikuwa anateremka korongoni taratibu, kama mtu aliyetoka kulipwa mshahara.

Chabani alirudi na tasbihi mkononi. Akaangalia kondoo, akaangalia kapu, akaangalia mbali.

"Tumpake majivu," akasema. "Tumfunge kitambaa. Nani ataangalia nyuma?"

"Mungu."

"Mama Hidaya..."

"Si wewe uliyemrudisha mbuzi wa Uthmani siku ya Idd, kwa sababu sikio limekatika? Ulimwambia nini? Ulimwambia mnyama wa ibada awe mzima. Maskini akamburuta mbuzi wake akarudi naye nyumbani. Leo mkia mzima uko ndani ya tumbo la rafiki yako, unataka kumfunga kitambaa!"

Chabani akachukua fimbo, akatoka kwenda kutafuta mbuzi. Mbuzi naye anafaa kwa akika, na mlima ulikuwa na mbuzi. Lakini hakuna aliyekubali kumpa. Mlango wa kwanza walisema mbuzi ana mimba. Wa pili walisema mbuzi si wao, ni wa shangazi. Wa tatu walimwambia wazi: mbuzi wetu ulishawachukua, kawaulize korongoni. Jua lilipokaa juu ya migomba alirudi, fimbo inaburuzika nyuma yake.

"Wana roho mbaya hawa watu," akasema.

"Roho mbaya?" Mwajuma akajitanda kanga yake. "Fisi akimla mgonjwa, mzima funga mlango. Wao wamefunga. Kaa hapo. Usitundike kitu."

Mwajuma alimkuta Bisimwa barazani kwake anakunja vitenge. Mwajuma alisimulia yote bila kuficha, mpaka kitambaa. Alipofika kwenye mkia uliotoka tunduni Bisimwa alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Cheka, baba, cheka," Mwajuma akasema. "Ukimaliza unipe mbuzi."

"Pole, mama. Pole sana. Lakini hii fisi inajua kula, eh! Inaacha kapu, inachukua mafuta." Akapangusa macho. "Bon. Mbuzi iko. Dume, nzuri, haina kilema hata kidogo. Nitakupa. Lakini sitaki kitu kingine, nataka shimo. Mzee wako achimbe, leo, mi nikiwa naangalia. Mbuzi itakaa hapa kwenye kamba mpaka shimo ifike kifuani kwake."

"Yeye ni mtu mzima, ana tumbo."

"Ndiyo maana nataka kuangalia."

Chabani aliposikia alivimba. "Mimi? Niamrishwe na mtu aliyekuja juzi na mzigo kichwani?"

"Ndiyo," Mwajuma akasema. "Na kama hutaki, simama pale njiani. Mama mkwe wa mwanao akifika, mweleze kwa mdomo wako mwenyewe kondoo yuko wapi na mkia uko wapi. Mimi nimechoka kukusemea."

Chabani akachukua jembe.

Basi, mchinjaji wa Buhinyuza alichimba shimo lake nyuma ya jiko, mbali na ukuta, na Mkongomani akakaa juu ya kapu lililopinduliwa akimhesabia makosa. Hapo pana mzizi, mzee. Huo udongo unarudi ndani, mzee. Pumzika kidogo, mzee, lakini si sana. Majirani wawili watatu walipita njia ambayo siku zote hawaipiti. Mwajuma alikuwa anapepeta mchele na kusali mambo mawili kwa pamoja: shimo liwahi, lori lichelewe.

Lori halikuchelewa. Liliwashusha barabarani, wakapanda kwa miguu, na Kadidja akatokea uani wa kwanza, mwavuli mkononi, Hidaya nyuma na mtoto mgongoni. Kadidja akaona mwanamume amezama ardhini mpaka kiunoni, mwingine amekaa pembeni kimya, watu wamesimama. Akaufunga mwavuli.

"Inna lillahi," akasema kwa sauti ya chini. "Nani amefariki?"

Chabani aliinua kichwa, jasho linamtiririka. "Hakuna, hakuna. Karibuni. Tuko... tunatengeneza."

Huo ndio wakati Mwajuma angeweza kusema uongo, na uongo ulikuwa tayari mdomoni: choo, tunachimba choo. Lakini Hidaya alikuwa ameshamwona kondoo.

"Mama! Mkia?"

Mwajuma akaweka ungo chini. Alikuwa amechoka hata kuona haya. Akamweleza Kadidja kila kitu, korongo, kapu, tundu la ukutani ambalo aliliona mwenyewe akaliacha. Kadidja alisikiliza midomo imebana. Kisha akamgeukia Hidaya.

"Tunageuza. Lori litarudi kupita. Mtoto halali kwenye nyumba ambayo fisi anagonga mlango kama ndugu."

Hidaya hakusogea, ila macho yalimjaa machozi. Mwajuma akaenda akasimama kati ya Kadidja na njia.

"Mama Kadidja, nakuheshimu. Lakini sikia. Fisi hakuja kwa ajili ya mtoto, wala hakuja kwa ajili ya kondoo. Alikuja kwa kapu. Mwenye kapu ni yule pale shimoni, umemwona, na kuanzia leo kapu halipo. Mlango wangu ni wa mbao. Mtoto atalala kitandani kwangu, mimi nitalala chini mlangoni. Akija, ataanza na mimi. Na mimi, haki ya Mungu, siku ya leo natamani aje."

Bisimwa mwenyewe aliangalia chini. Kadidja alimtazama Mwajuma, akatembea mpaka ukingoni mwa shimo, akainama, akachungulia.

"Fupi," akasema. "Fisi anafukua, mkwe wangu. Ongeza. Na juu uweke mawe, si majani." Akaomba kiti.

Chabani akaongeza. Sasa walikuwa watatu wanaomwangalia.

Asubuhi mbuzi wa Bisimwa alichinjwa, nyama ikakatwa kwenye viungo bila kuvunja mfupa hata mmoja, kama inavyotakiwa. Mtoto akanyolewa, akapewa jina. Kadidja alilitaja kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo: Kulthumu, jina la mama yake yeye. Mwajuma alikuwa na jina lake tayari tangu mimba. Alilimeza nalo, akateremshia na chai. Majirani wakaja wakala, hata wale wa mbuzi wa shangazi. Matumbo yakaingia shimoni, udongo ukashindiliwa, mawe yakapangwa, na Bisimwa akayakanyaga moja moja kwa kiatu chake kuona kama yanacheza.

Jua lilipoanza kuzama, fisi akaja. Alisimama ukingoni mwa korongo, mabega juu, anavuta harufu. Alikwenda kwenye mawe, akakwaruza kidogo, akarudi pale pale. Akakaa.

Mwajuma alimwona kupitia dirishani. Akamwona Chabani naye, anatoka jikoni kwa kunyata, beseni mkononi, ndani yake kichwa cha mbuzi.

"Unakwenda wapi?"

"Kichwa tu, mama Hidaya. Mara moja. Amezoea, ana njaa, tutamfundisha polepole..."

Mwajuma alimpokonya beseni kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani, akaufunga mlango, akatia komeo. Kadidja alikuwa amekaa mkekani na mtoto mapajani. Alinyanyua uso mara moja, kisha akasogea kumpa mwenzake nafasi karibu na moto.

"Mama Hidaya!" Chabani aliita kutoka nje. "Mimi niko nje!"

"Najua," akasema Mwajuma, akatia kichwa chunguni, akaongeza chumvi.