Uliza Mvua ya Bertrams

Jumapili ile haijanitoka moyoni mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa msichana, nimevaa kanzu nyeupe, nimesimama katika Mto Jukskei pale Alexandra, hapa Johannesburg, maji yananifika magotini, nasubiri kubatizwa. Mama yangu alikuwa ukingoni. Alikuja kwa basi kutoka Lubumbashi, safari ya kuvunja mgongo, ili tu anione nikizamishwa na kuinuliwa. Kesho yake alikuwa anarudi.

Wewe nawe Jumapili hii unabatizwa mto uleule, ndiyo maana nimekukalisha hapa.

Kwanza niusifu mto, maana nyinyi vijana mnaukunjia pua. Ndiyo, una chupa na mifuko, na harufu yake si ya marashi. Lakini ni mto shupavu! Unazaliwa chini ya jiji, huko upande wa Doornfontein, chini ya majengo yaliyoletwa na dhahabu. Waliufunika kwa zege, ukapita gizani, ukachomoza mtaa wa Bertrams, ukaja hadi kwetu. Wala hauishii hapa. Unaelekea kaskazini, unaingia Mto Crocodile, kisha Limpopo, mpaka bahari ya Msumbiji. Watu husema Johannesburg haina mto, na mimi huwaacha waseme.

Ila una tabia yake. Kwetu Lubumbashi mto hujaa polepole, na mvua inayoujaza unaiona kwa macho yako. Huu hunywa mvua ya barabara zote za jiji kwa mkupuo. Unaweza kusimama hapa juani, kumbe maji yako njiani.

Mchungaji wetu, Baba Kasongo, aliujua. Kila ubatizo alimtuma shemasi kwenye kontena la kupigia simu, apige Bertrams kwa dada mmoja wa kanisa aliyeuza mboga huko, aulize mvua. Sisi vijana tulimcheka kimyakimya.

Siku hiyo zamu yangu ilikuwa imefika, mkono wa Baba Kasongo tayari uko begani mwangu, shemasi akaja mbio.

"Baba! Bertrams mvua inapiga, hata robot, taa za barabarani, zimezima!"

"Mutoke mu mayi, bote!" mchungaji akatuamuru.

Nilikataa kutoka. Nililia mbele za watu. "Baba, mama anaenda kesho! Mvua iko wapi? Jua inawaka!"

Hakupaza sauti. "Mwana, unaangalia tu mbingu ya juu ya kichwa yako. Mayi inatoka kwa mbingu ya bengine. Panda kwa mama yako."

Nilipanda nimenuna, kanzu inachuruzika. Wakubwa walinung'unika pia, maana wimbo ulikuwa umeshaanza. Tulikaa juu kule mpaka nikaanza kusema moyoni kwamba mzee ametuaibisha bure.

Kisha tukausikia. Mto ulikuja wa kahawia, umebeba mbao, matairi na mlango wa friji, ukapita juu ya pale nilipokuwa nimesimama kana kwamba hapajawahi kuwa na ukingo. Niliogopa, nikarudi nyuma. Na bado, Mungu anisamehe, nilistaajabu kuuona ule ukubwa wake.

Mama alinishika kiganja, hakukiachia mpaka jioni. Asubuhi, kituo cha basi, nilimwomba radhi kwa safari yake ya bure.

"Bure?" akasema. "Nilikuya kukuona unaingia mu mayi. Nimekuona unatoka. Mimi naenda na furaha."

Sikumwona tena duniani. Nilibatizwa mwezi uliofuata, yeye hayupo, na sijawahi kujuta.

Basi, mwanangu, nakuasa: usiuogope mto huu, wala usiudharau. Uheshimu kama unavyomheshimu mtu mzima aliyepita mengi. Kabla hujatia mguu, piga simu Bertrams, uliza mvua. Ukiambiwa toka, toka, hata kama wimbo umefika patamu, hata kama mama yako ametoka mbali. Ubatizo utasubiri, nasi tutakushonea kanzu nyingine.

Mungu akupe maji ya kukuosha, akuepushe na ya kukubeba. Amina.