Sauti Isiyokatika ya Zubeida

Si kweli kwamba mwanangu Zubeida aliwatimua watu wa mtaa wetu makusudi. Si kweli kwamba alipiga gitaa lake bila kuwaarifu majirani. Na yule anayesema sokoni kwamba binti wa mwalimu ameacha dini kwa ajili ya muziki wa makelele, hawezi kujua kama binti yangu huswali alfajiri, maana saa hiyo yeye mwenyewe huwa bado anakoroma.

Nilifundisha shule hapa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu. Nusu ya hao wanaolitembeza jambo hili niliwafundisha mimi kusoma. Basi ninaliandika, walisome.

Zubeida ni mwanangu wa pekee. Anauza barafu bandarini, pale samaki wanaposhushwa. Huivunja mwenyewe kwa chuma, huijaza kwenye masanduku, na wavuvi humgombania kwa sababu barafu yake haijachanganywa na maji. Baba yake alikuwa karani wa bandari hiyo hiyo, mtu aliyeheshimiwa na manahodha na mabosi sawasawa. Tulipokimbia vita mwaka 2020 tulitoka nyumbani watatu. Nampula tulifika wawili.

Huko Nampula ndiko gitaa lilikoanzia. Zubeida alikuwa akiuza maji baridi nje ya gereji, na ndani ya gereji ile, mafundi wakishafunga kazi, kijana mmoja wa Mueda aitwaye Virgílio alikuwa akipiga muziki na wenzake. Naye alikuwa mkimbizi kama sisi. Muziki wenyewe wanauita hevi metal. Nyuzi hulegezwa mpaka zitoe sauti nzito, kisha sauti hiyo hupitishwa katika kisanduku cha chuma kinachokanyagwa kwa mguu, wao wanakiita pedali. Inaingia safi upande mmoja, inatoka upande wa pili imekwaruzwa, nene, kama mbao inayopita kwenye msumeno. Mimi nilidhani spika imeharibika. Zubeida aliacha ndoo yake ya maji mlangoni akaingia.

Jioni ile aliniambia, "Mama, ule muziki umekasirika, lakini haumpigi mtu."

Tangu baba yake abaki njiani, yalikuwa ndiyo maneno yake marefu ya kwanza.

Virgílio akamfundisha. Wanafunzi wengine walikuwa wakilalamika vidole vinawauma, yeye hakulalamika. "Dada, vidole vyako vimekwisha kufa ganzi kwa barafu," Virgílio alimtania. "Wewe ungeweza kupiga waya wa ua." Tuliporudi nyumbani, Zubeida alirudi na gitaa jeusi, spika ndogo, na pedali moja nyekundu iliyokuwa fahari yake. Kijana yule alikuwa amehamia Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na bendi yake, na alimwambia wazi kwamba nafasi yake ipo, siku yoyote atakayotaka.

Sasa nieleze desturi, kwa sababu ndiyo inayopotoshwa. Tangu watu waliporejea, katika mtaa wetu hakuna anayefanya kazi ya kelele bila kuwaarifu majirani. Mwenye mabati ya kupigilia hupita nyumba kwa nyumba: "Jamani, baada ya adhuhuri mtasikia nyundo, ni mimi." Mwenye kuvunja mawe hivyo hivyo. Hata mwenye pikipiki inayolipuka bomba hupita kuomba radhi mapema. Hakuna aliyetuandikia sheria hii. Kila mmoja anajua miguu ya jirani yake iko tayari kukimbia.

Zubeida aliwaarifu. Nilikwenda naye mimi mwenyewe, na kanga yangu nzuri, kila nyumba, tukabisha hodi na kusema, "Leo alasiri mtasikia gitaa." Bi Mariamo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima aliyenizidi umri kwa mbali, alicheka mpaka akakohoa. "Gitaa? Piga, mjukuu wangu. Tumechoka na majenereta."

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa hapo. Watu wa kwetu wakiambiwa gitaa wanangojea gitaa la harusini, linalobembeleza. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna gitaa la namna nyingine, na Zubeida, aliyekwisha kulizoea, hakufikiri kwamba linahitaji maelezo.

Ile pedali nyekundu ilisifiwa na vijana wote wa muziki huo kwa sababu moja: inakata. Ukilaza kiganja juu ya nyuzi na kuzichapa, sauti inatoka nzito na kufa papo hapo, halafu kimya kabisa, halafu nyingine. Ta-ta-ta. Kimya. Ta-ta-ta-ta. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilijua ni mwanangu, nilijua yuko chumba cha pili, na bado nilijikuta nimesimama mlangoni nimeshika begi la vyeti.

Zubeida alipofungua dirisha, njia ilikuwa tupu. Chungu cha maharage kilikuwa kinachemka peke yake kwa jirani. Ndala zilikuwa zimetapakaa. Mtaa mzima ulikuwa umeingia kwenye mikoko.

Aliwafuata mwenyewe, akazama kwenye tope mpaka magotini, akiita, "Ni mimi! Zubeida! Ni gitaa!"

Sauti ya mwanamume ikamjibu kutoka kwenye mizizi: "Gitaa gani hilo, la kuulia tembo?"

Walicheka, wengine kwa machozi, wakarudi mmoja mmoja. Lakini Bi Mariamo hakucheka. Alikuwa ameanguka karibu na kisima na mguu wake ulikuwa umetenguka.

Siku iliyofuata tuliitwa kwa sekretário wa mtaa, yaani kiongozi wetu, Hamido. Ni mtu wa haki. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti.

"Professora," aliniambia, yaani mwalimu, "binti yako nampenda, na barafu yake nanunua. Lakini watu hawa wamekimbia vya kutosha. Kikiwakimbiza tena chombo hicho, hata mmoja tu, kitoke mtaani."

"Na mpigaji?" Zubeida akauliza.

"Mpigaji abaki. Nimesema chombo."

Zubeida aliinama. Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa ambacho Hamido hakukielewa. Chombo kikitoka, mpigaji atakifuata. Atakwenda Pemba, na hatakwenda kwa hasira, atakwenda kwa sababu pale ndipo anapoweza kupumua. Nami nitabaki katika nyumba ya vyumba vinne na picha ya baba yake.

Njiani nilimshauri aweke pedali kando na apige gitaa tupu.

"Mama, pilau ukiitoa viungo huo ni wali. Wali si mbaya. Ila mimi sikupika wali."

Kuna wanaouliza kwa nini asijifungie na kusikiliza kwa zile spika ndogo za kuziba masikio. Wanaouliza hivyo hawaishi hapa. Katika mji huu, mtu mwenye akili hazibi masikio yake.

Nilitarajia atanuna. Badala yake alifunga barafu katika kitambaa akaenda kwa Bi Mariamo. Kila alipotoka bandarini alikwenda kuuweka mguu ule sawa na kuupoza. Watu waliosema hakujali wangepita pale wangemwona amepiga magoti. Siku moja nilikuwa nimekaa nao, akamwuliza.

"Bibi, siku ile ulisikia nini hasa?"

"Umenivunja mguu, sasa unataka na hadithi?"

"Nataka kujua nini kilikukimbiza. Ni ukubwa wa sauti?"

Bi Mariamo akafikiri. "Ukubwa, hapana. Jenereta la Hamido ni kubwa kuliko wewe, na nalala nalo. Ni ule ukimya. Inapiga, inanyamaza. Unajua katika ule ukimya mtu anafanya nini? Anatazama pa kupiga tena."

Zubeida aliacha kufuta mguu. Barafu ilimdondoka mkononi, ikayeyuka sakafuni, hakuiokota.

"Kwa hiyo kama isingenyamaza?"

"Isingenyamaza ingekuwa kelele tu, kama kelele zako zote tangu ukiwa mtoto."

Jioni ile alimpigia Virgílio simu akamwomba pedali nyingine za kujaribu, zozote alizo nazo zisizokata. Zikaja mbili, kwa dereva wa lori la saruji: moja ya kijani, na moja nyeusi, kuukuu, rangi imebanduka pembeni. Zubeida alizijaribu sebuleni kwetu, spika imegeuzwa ukutani na kupunguzwa mpaka karibu na kunong'ona, Bi Mariamo na mimi tukiwa waamuzi. Ndiyo, mimi mwalimu mstaafu nilikaa kwenye mkeka kusikiliza hevi metal, na sioni haya.

Ya kijani ilikuwa ya upole mno. "Ana mafua huyu," alisema Bi Mariamo, na Zubeida akaitoa.

Nyeusi ilikuwa jambo jingine. Sauti ilitoka nene na pana, ikakaa. Kabla ya noti moja kwisha nyingine ilikuwa imeshapanda juu yake. Haikuwa nzuri. Ilivuma chini kama tumbo la mwenye njaa, na Zubeida alipojaribu kupiga mbio, kila kitu kilichanganyika kikawa uji. Virgílio alikuwa kwenye simu, spika ya simu imefunguliwa, anasikiliza.

"Hiyo ni ya wazee, dada! Hata mimi niliifanya kizuizi cha mlango. Metal bila kukata si metal."

"Njoo uikate wewe hapa kwetu," Zubeida akamjibu. "Ukifika ubeti wa pili wasikilizaji wako watakuwa wameshafika Nhica mpakani, wanatafuta mtumbwi wa kuvuka mto Rovuma."

Bi Mariamo akapiga paja kwa kicheko, na mguu ukamuuma.

Hapo ndipo nilipomwona mwanangu akifanya kazi, na ningependa wasemaji wote wangemwona. Pedali zile zina vifundo vya kuzungusha. Alikipunguza kifundo cha sauti za chini mpaka tumbo lile likaacha kunguruma. Alikipandisha cha sauti za kati, zile ambazo wapigaji wa metal, alinieleza, hupenda kuziondoa, na gitaa likaanza kusikika kama mtu anayeimba kupitia zumari. Ukali wenyewe hakuupunguza. Kisha akabadilisha mkono. Aliinua kiganja kutoka kwenye nyuzi, akaacha kupiga mbio, akaziachia noti zivume mpaka zenyewe zichoke. Alirudia, akazungusha kifundo kidogo, akarudia tena. Pedali nyekundu, ile fahari yake, aliifunga katika kitambaa akaiweka kabatini, bila malalamiko. Alichagua chombo ambacho wenzake wanakicheka, akakisomesha mpaka kikajua anakoishi.

Siku ya kujaribu mbele ya watu ilikuwa Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Tulipita tena nyumba kwa nyumba, na safari hii hatukusema gitaa tu. Zubeida alieleza: itakuwa nzito, itakwaruza, haitakatika. Tulitandika mikeka uani. Walikuja wengi, naamini baadhi walikuja ili waone likishindwa.

Niliona jambo. Watu walikaa kwenye mikeka yangu na ndala miguuni. Siku nyingine ningesema, maana huo si ustaarabu, na katika nyumba hii hakuna anayekanyaga mkeka na viatu. Siku ile sikusema. Hata Bi Mariamo, aliyeletwa kwa kushikwa mkono na kukalishwa mbele, alikuwa amezifunga za kwake kwa kamba zisimtoke akikimbia, mguu mgonjwa na mzima.

Zubeida alivaa baibui yake nyeusi na mtandio aliouvaa Idi. Akakanyaga pedali.

Sauti ya kwanza ilipotoka mwanamume mmoja nyuma alisimama. Hamido akamtazama, mkono wake ukiwa nusu umeinuka, tayari kusimamisha muziki. Lakini sauti haikukatika. Ilikaa hewani, ikageuka polepole, nyingine ikapanda juu yake, na yule mwanamume, kwa kuwa hapakuwa na ukimya wa kumkimbiza, alibaki amesimama bila sababu. Akajikuna mgongo. Akakaa.

Ulikuwa muziki mzito, na sitasema uongo kwamba ni mtamu. Unasukuma kifua. Nilihisi mkeka ukitetemeka chini ya mapaja yangu. Lakini ulikwenda taratibu kama wanaobeba kitu kizito pamoja na hawataki kukiangusha.

Katikati, Bi Mariamo aliinama. Nilidhani mguu unamuuma. Alikuwa anafungua kamba. Alivua ndala ya kwanza, akavua ya pili, akazisukuma nje ya mkeka kwa kisigino. Jirani yake akamtazama, akavua zake. Nilisikia ndala zikisogezwa hadi ukutani.

Zubeida aliona. Mkono wake ulisita.

"Wewe!" Bi Mariamo akapaza sauti. "Usiniachie nusu. Endelea."

Hamido aliushusha mkono wake na hakuuinua tena. Chombo kimebaki mtaani, na mwanangu amebaki. Jumamosi hupiga, siku nyingine huuza barafu, na sijapata kusikia mwenye nyumba yoyote amelalamika mbele yangu. Anayelalamika nyuma yangu amesoma sasa.

Limebaki moja. Wimbo alioupiga siku ile hauna maneno, na watu wananisimamisha njiani kuniuliza unamhusu nani, na kwa nini mwishoni Zubeida alitazama kiti kitupu pembeni mwa mlango wetu. Mimi najua. Nilikuwapo njiani pale baba yake alipobaki, na Zubeida alikuwapo. Hilo ni la nyumba yetu.

Sisemi.