Dada wa Bwana Kamba

Mume wangu Mukhisa ni mwongo, na uongo wake ndio umesomesha watoto wetu. Anatafsiri sinema kwa ukumbi wa video wa Osman hapa Chwele. Watu wanaangalia picha, yeye anashika maiki na kusema kwa Kiswahili kile wazungu wanasema. Ama kile anadhani wanasema, kwa maana Kiingereza chake kiliishia darasa la sita huko Misikhu.

Filamu zilizompa jina ni zile tatu za Bwana Kamba. Jina hilo alilitunga mwenyewe, juu yule jamaa alikuwa anavuka mabonde akining'inia kwa kamba, akitafuta hazina za wafalme. Alikuwa akitembea na mwanamke mmoja, na Mukhisa akamwita Nanjala. Sasa, wakati huo ukumbi ulikuwa kwa ploti ya kanisa, na mzee wa kanisa alituonya kwamba siku mtu na mpenzi wake watalala hema moja kwa hiyo televisheni, tutafute pa kuhamia. Mukhisa hakubishana. Alitangaza kwa maiki kwamba Nanjala ni dada ya Bwana Kamba, tumbo moja. Wakikumbatiana, watu wanasema ona vile ndugu wanapendana. Wakitaka kupigana busu, Mukhisa anasimama mbele ya televisheni akijifanya anarekebisha waya.

Ikapita miaka kumi na tisa, ndipo tukasikia Bwana Kamba ametoa ya nne. Osman alimwambia mume wangu bila kuzunguka: "Mzee, siku hizi watu wanaangalia kwa simu. Hii ikikataa, naleta kijana wa Kitale mwenye sauti mpya." Maskini Mukhisa hakulala. Ana miaka hamsini na nane na hana kazi nyingine anajua.

Aliifuata hiyo filamu mwenyewe mpaka Kitale, akarudi nayo kwa flashi, mkono haujatoka mfukoni. Nikamwambia, "Baba Ivy, iangalie kwanza hata kidogo." Huwa haangalii kwanza, ati inaua utamu. Akaniambia nimwachie kazi yake. Haya, nikamwachia.

Siku ya soko, saa nane mchana, ukumbi ukajaa watu wa umri wetu na mifuko yao ya vitunguu. Mama Rispah, yule wa kuuza samaki wa omena, alikaa mbele kabisa. Osman alikaa nyuma, mikono amekunja.

Filamu ni mbaya, wacha niseme ukweli. Bwana Kamba amezeeka, goti linamsumbua, na kila akitaka kuruka wanatuonyesha mgongo wa mtu mwingine. Nusu saa nzima amekaa kwa kiti akieleza vijana habari za hazina ambayo sisi tulimwona akiichukua. Mukhisa aliongeza matusi, akaongeza hata kesi ya shamba. Wapi. Watu wakaanza kutoa simu.

Kisha likatokea kanisa lenye maua, na Nanjala ndani ya gauni jeupe. Bwana Kamba akaja akasimama kando yake.

"Anamsindikiza dada yake," Mukhisa akasema haraka. "Bwana harusi amekwama njiani."

Wakavishana pete. Wakapigana busu, tena refu. Sisi Wabukusu mtu haoi hata ukoo wa mama yake, sembuse dada wa tumbo moja. Wazee wawili waliinuka kutoka.

"Mukhisa," Mama Rispah akasema, "hiyo ni mwiko."

Mume wangu akasimamisha picha. Nilikuwa mlangoni, na nilimwonea aibu na huruma pamoja.

"Hakuwa dada yake," akasema. "Tangu ile ya kwanza. Nilidanganya kwa kuogopa kanisa."

Mama Rispah akauliza polepole, "Na ile ya pili, pale mlimani, akimwambia, 'Dada yangu, tukikosana mimi na wewe, nani atanizika?'"

"Hayo pia ni yangu, mama."

"Mimi na dada yangu tulikuwa tumekosana miaka minne, juu ya ng'ombe. Siku hiyo nilitoka hapa moja kwa moja mpaka kwake Myanga. Tulipatana. Mwaka jana alikufa, na mimi ndiye nilimwosha." Alijipanga vizuri kwa benchi. "Toa hiyo takataka. Weka ile ya mlima. Na usiniletee ukweli wako."

Wale wazee wawili wakarudi kukaa. Mukhisa akaweka ile ya pili. Ilipofika mlimani alishika maiki akasema, "Dada yangu," na sauti ikamkwama. Akajaribu tena, ikakataa. Watu walikuwa wanangoja, Osman pia. Basi nikatoka mlangoni, nikachukua maiki mkononi mwake, nikayamalizia hayo maneno mimi, kwa maana nayajua yote.